Mbegu Aliyoitoa Mwalimu Lornah

Harufu ya chang'aa ilipopenya ukutani na kuingia darasani kwangu, wanafunzi wa kidato cha pili waliacha kusikiliza ngeli wakaanza kucheka. Nilijua ilikotoka. Upande wa pili wa ukuta ule, Mwalimu Lornah Aoko alikuwa akichemsha majani.

Shule yetu ilikuwa ya harambee, nje kidogo ya Katito, mabati juu na vumbi chini, na maabara yake ilikuwa meza moja iliyoegemezwa ukutani isije ikaanguka. Spiriti ya kulitoa jani rangi haikuwapo, wala hatukuitarajia. Basi Lornah, mama wa kanisa ambaye Jumapili hakukosa kitambaa cheupe kichwani, alimtuma mlinzi amletee chang'aa kutoka kwa mama mmoja nyuma ya soko. Mwalimu mkuu alipokuja juu, alimjibu kwa upole, "Jani halijui kama mimi ni mlevi, Bwana Mkuu." Mimi jina langu ni Nasipwondi, natoka Bungoma, na nilipelekwa pale kufundisha Kiswahili. Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa kwa ubishi hata punda wa sokoni angemwachia njia.

Somo lake nililijua kwa kulisikia mwaka baada ya mwaka. Alifunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, jani likiwa bado juu ya mti wake na jua likiwaka. Baadaye alilichuma, akalichemsha kwa maji, kisha akalitumbukiza katika kopo la chang'aa lililokaa ndani ya maji ya moto. Jiko lenyewe alikuwa ameshalizima, asije akatuunguzia shule. Kijani chote kilitoka, jani likabaki limefifia kama mtu aliyetoka hospitalini. Ndipo akadondosha ayodini, dawa ya vidonda aliyoiomba zahanati. Pale jua lilipofika, jani liligeuka likawa jeusi, maana palikuwa na wanga. Pale karatasi ilipofunika, lilibaki na ukahawia wa dawa tu.

"Moto unatoa," aliwaambia. "Kuni ikiungua inakupa joto, inakupa mwanga. Jani linafanya kinyume. Linavuta. Ile klorofili, ile rangi ya kijani, inanasa mwanga, na kwa nguvu hiyo maji yanapasuliwa. Oksijeni inatoka. Kinachobaki kinaunganishwa na ile hewa mnayoitoa puani, inakuwa sukari. Mwanga huuoni tena, lakini haujapotea. Umefungwa ndani ya sukari. Siku unakula ugali na kushika jembe, ndiyo siku unaufungua."

Kisha angegonga ukuta. "Mwalimu Nasipwondi! Kiswahili chake?"

"Usanisinuru!" ningepaza sauti, na madarasa yote mawili yangeangua kicheko, kwa sababu kwao lilikuwa neno la kuvunja meno.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na hatukujua kwamba yalikuwa mazuri. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1993, lori la sukari alilokuwa akiendesha mume wa Lornah, Obiero, lilipinduka karibu na Ahero. Alizikwa mbele ya nyumba yake, kama ilivyo desturi, na Lornah akabaki mjane bila mtoto, nyumba yake ya udongo na mabati ikitazama kaburi.

Boma lao lilikuwa mwendo mfupi kutoka shuleni. Walioishi humo walikuwa watu wachache: Lornah, mama mkwe wake aliyekuwa ameshaweka jembe chini kwa uzee, na Selpha, mke wa mdogo wake Obiero. Mume wa Selpha alikuwa akichuma chai huko Kericho na alionekana Krismasi. Selpha alikuwa na watoto wanne, na wa mwisho, Awino, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Selpha na Lornah waliitana *nyiewa*, yaani mke mwenzangu, kama wanavyoitana Wajaluo walioolewa na ndugu. Mara nyingi niliwakuta wanapepeta mtama pamoja, wakinisengenya kwa Kijaluo mbele ya macho yangu, wakicheka kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa.

Sasa, kwa watu wa boma lile, mbegu haitolewi ovyo. Mke wa mwana mkubwa ndiye anayetangulia kupanda, kisha anamfuata mke wa mdogo. Na mjane hawezi kutoa mbegu mpaka arithiwe na ndugu wa marehemu. Maana yake ni kwamba Lornah asipopanda, Selpha naye hapandi. Atakayeruka mpangilio ataleta *chira*, ugonjwa wa kukonda ambao huanza na watoto. Msomaji asicheke. Kwetu Bungoma tuna yetu, na hayo sitayasema hapa.

Mtu aliyechaguliwa kumrithi alikuwa Walter, binamu ya Obiero, fundi wa vitanda pale Katito. Hakuwa mtu mbaya. Aliongea akitazama chini na alikuja na kilo ya sukari kila alipoitwa. Lakini alikuwa ameshawarithi wajane wawili kabla yake, na mmoja wao alikuwa amekonda akaisha, akazikwa. Miaka ile watu walisema "ule ugonjwa" bila kuutaja jina. Mwalimu wa bayolojia hawezi kujifanya haujui.

Mvua ya masika ikaja, na ilikuja vizuri, kama ya kutukejeli. Udongo mweusi wa Nyakach uliokuwa umepasuka nyufa za kumeza mguu ukalainika. Majirani wote wakashika majembe. Siku moja baada ya shule nilimsindikiza Lornah nyumbani, nikamkuta mama mkwe ameketi mlangoni pa jiko lake na Selpha anafua. Kwa ajili yangu walizungumza Kiswahili.

"Nyar Seme," mama mkwe alisema, kwa sababu Lornah alitoka Seme na huko ndiko jina lake la heshima lilikotoka, "mvua imefika. Walter amekubali. Wewe unangoja nini?"

"Mama, Walter siwezi. Nimesema."

"Basi hata shamba hauwezi."

"Mama, jua haingoji mtu," Lornah alisema, na nikaisikia ile sauti yake ya darasani. "Kila siku hii shamba inakaa bila kitu, jua yote inaanguka kwa udongo bure. Hakuna jani ya kuishika. Ile ya leo ikipita imepita. Huwezi kuipata mwezi ujao."

Mama mkwe hakukasirika. Alinyoosha miguu yake yenye uvimbe, akaitazama.

"Nyathina, mtoto wangu, jua naijua kabla uzaliwe. Mwaka moja nyieka mdogo, mke mwenzangu, alinitangulia kwa shamba, akatoa mbegu yake kabla yangu. Mwaka hiyo mimi nilizika watoto wawili. Wewe utasema ni malaria. Sawa, sema. Lakini si wewe ulizika."

Selpha aliendelea kukamua nguo ileile mpaka ikakauka mikononi.

Wiki zikapita. Magugu ndiyo yaliyofaidi. Yaliota katika mashamba yote mawili, mapana, ya kijani kibichi, yakinyonya jua lote lile. Lornah alisimama ukingoni akasema, "Magugu hayana mama mkwe," nasi tukacheka, kicheko kifupi. Nilikuwa nimekasirika. Nilikasirikia boma lile, nikamkasirikia Obiero kwa kufa, nikalikasirikia hata jua. Lakini mimi ni mgeni, na hasira ya mgeni haipandi mahindi.

Selpha alikuja shuleni asubuhi moja, Awino mgongoni. Hakuingia chumba cha walimu. Alisimama nje chini ya paa, nasi tukatoka.

"Nyiewa," alisema, "ghala yangu imebaki vumbi. Mimi sikusukumi kwa Walter, Mungu ni shahidi. Hata mimi singemtaka. Lakini niambie, sasa sisi tutakula nini? Tutakula mvua?"

Lornah alimshika mkono. Selpha alipoondoka, alirudi kwenye kiti chake akakaa na chaki mkononi mpaka kengele ikalia na hakuisikia. Mwisho aliniambia, "Nitapanda. Mchana, kila mtu aone. Mbegu yangu ikishatoka, Selpha njia yake iko wazi. Kama kuna chira, ije kwangu. Mimi sina mtoto wa kupoteza."

Niliona ni busara. Bado naona ilikuwa busara, kama watu wangekuwa hesabu. Jumamosi tulishika majembe, yeye akichimba mashimo, mimi nikidondosha mahindi na kufukia kwa mguu. Watu waliopita njiani walipunguza mwendo, wakasalimu kwa sauti ya matanga. Mama mkwe aliingia nyumbani kwake akafunga mlango, jua likiwa utosini.

Mahindi yakaota. Ee, yaliota! Udongo ule ulikuwa umepumzika na mvua ilikuwa ya kutosha. Kila siku Lornah alipita kabla ya shule, akainama, akaangalia jani likijifungua kutoka ndani ya jani. Kwa muda ule mfupi niliona uso wake wa zamani ukirudi.

Lakini Selpha hakupanda.

Tulingoja. Tulidhani anatafuta mbegu, nikampelekea mbegu. Alizipokea kwa mikono miwili akaziweka juu ya dari. Ndipo nilipomuuliza, naye akanijibu akitazama pembeni, akiniita binti wa wageni: "Nyar Mwa, wewe huelewi. Kwanza ilikuwa kungoja. Kungoja hakuui mtu haraka. Sasa mbegu imetoka vibaya. Nikifuata mguu yake, naingiza watoto wangu ndani ya hiyo kitu na mikono yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Lornah alidhani amefungua mlango, kumbe ameupigilia misumari. Yeye aliona foleni: wa mbele akisogea, wa nyuma atasogea. Selpha aliona watoto wawili waliozikwa na mama mkwe wake.

Basi boma likabaki hivi: shamba moja limesimama mahindi ya kufika magotini, na kando yake shamba la magugu. Jua lilelile, mvua ileile. Sikupenda kupita pale. Kijani kile kilichokuwa fahari ya somo la Lornah kilianza kunichukiza.

Awino akaanza kuvimba miguu, nywele zikawa nyekundu na laini. Kule zahanati walisema ni chakula, hakuna kingine. Lornah alipeleka unga wa dukani. Mshahara wa shule ya harambee ulikuwa unakuja ukipenda, lakini unga aliupata. Selpha aliurudisha kwa mkono wa mtoto wake mkubwa, na salamu, na shukrani, kila kitu isipokuwa kuupokea. Chakula kutoka nyumba iliyovunja mpangilio hakiingii chungu kimoja na cha watoto. Nikaupeleka mimi, kwa jina langu. Selpha si mjinga. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaufunika ule unga kwa kitambaa, na siku iliyofuata nikaukuta palepale umefunikwa, panya wameshautoboa.

Sijawahi kumwona Lornah akipiga kelele ila siku ile. Alisimama katikati ya boma akampigia kelele Selpha kwa Kijaluo, na niliyoyaelewa yalinitosha. Alimwita muuaji. Selpha alilia, Awino akalia, na mama mkwe akatoka na fimbo yake, akangoja mpaka Lornah akaishiwa pumzi.

"Nyar Seme," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie na niwe shahidi, "mimi sikuchukii. Obiero alikupenda, na mimi nilikupenda. Walter hutaki, na siwezi kukufunga kamba. Lakini huyu mtoto ataenda. Kitu moja tu imebaki. Mbegu itoke kwa udongo, na mwenye aliitoa atoke kwa boma. Hapo Selpha atakuwa mke wa kwanza kwa hii nyumba, na atapanda kesho."

Niliingilia kati. Nilisema hayo ni maonevu, kwamba sheria ya Kenya haimruhusu mtu kumfukuza mjane, kwamba kuna chifu, kuna mahakama Kisumu. Nilisema mengi. Mama mkwe alinisikiliza kwa adabu yote. Lornah ndiye aliyeninyamazisha.

"Mahakama itamlisha Awino lini, Nasipwondi?"

Mahindi aliyang'oa mwenyewe, na alinikataza kumsaidia. Alianzia mstari wa juu, akashika kila shina karibu na udongo, akavuta, akakung'uta mizizi kama mtu atakayelipanda tena mahali pengine. Alinisemesha akifanya hivyo, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba tuko darasani. Alisema kila jani pale lilikuwa na mwanga wa mwezi mzima ndani yake. Alisema mahindi yanapokuwa ya kimo kile bado yanajijengea majani tu, yanajiandaa, kazi ya kuweka chakula ndani ya gunzi haijaanza. "Yangekuwa yamekomaa ningekuwa na la kuwaachia," alisema. Kisha akaketi kwenye mtaro akalia, na mimi nikalia naye. Rundo lile halikupewa ng'ombe. Lilibaki juani, na ilipofika jioni majani yalikuwa yamejikunja yote.

Aliondoka na sanduku, godoro na sufuria zake. Kaburi la Obiero alilipitia, akasimama kidogo. Selpha alipanda siku iliyofuata, mtama, kwa sababu mahindi yalikuwa yameshachelewa. Ulitoka mfupi mwaka ule lakini ulitoka. Nilimwona Awino akitembea kabla ya Krismasi.

Lornah alipata chumba Obunga, mtaa wa vibanda wa Kisumu, na kazi katika shule ndogo ya mtu binafsi mjini ambako walikuwa na spiriti halisi ndani ya chupa. Aliniambia hilo kama habari njema na nikaichukua hivyo. Jirani zake, wauza mboga na vibarua, walimwita Mwalimu, wakamletea watoto wao awasomeshe jioni. Alinenepa kidogo. Kanisa nalo alihamia la Kisumu. Kila nilipokwenda mjini nilishukia kwake, na hakuwahi kuniuliza habari za boma, nami sikumpa.

Mwezi wa nane mwaka wa 1994 nilikuwa kwake siku ya Jumapili, tumetoka ibada, tunatengeneza omena, dagaa wa ziwani, Selpha aliposimama mlangoni. Alikuwa na kikapu kichwani na Awino ameshika sketi yake. Sikumtambua yule mtoto. Miguu yake ilikuwa imenyooka, nywele nyeusi ti, na alikuwa na ile jeuri ya mtoto aliyeshiba.

Walisalimiana kwa muda mrefu, mikono ikishikana, wote wawili wakiangalia kikapu. Kilikuwa na mtama, mwekundu, mzito.

"Mwaka huu imekubali," Selpha alisema. "Nikaona siwezi kula peke yangu."

Lornah aliinua konzi, akaiacha ianguke tena. "Uliota wapi vizuri hivi?"

Selpha alisita. "Kwako. Mwaka jana mabati walitoa, mvua ikaangusha ukuta. Mama akasema ile udongo ya nyumba ina nguvu, isikae bure. Tukapanda mpaka pale. Kaburi peke yake tuliacha."

"Mlifanya vizuri," Lornah alisema.

Tukasaga kiasi kwenye mashine ya jirani, tukasonga ugali mweusi, tukala na omena. Awino alikula mpaka akalala pale pale, kidole ndani ya bakuli. Lornah alimtazama kwa furaha, nasema kweli, furaha isiyo na kinyongo, na akamfuta mkono kwa ncha ya leso yake. Nilianza kufikiri kwamba mambo yamekwisha vyema.

Ndipo aliponigeukia. Kwao Seme binti aliyeolewa hazikwi ndani ya boma la babake. Mahali pake ni kwa mumewe, mbele ya nyumba yake. Na nyumba yake sasa ilikuwa mtama. Hayo alikuwa ameyapiga hesabu kimya kimya, labda tangu siku aliyobeba sanduku.

"Nasipwondi," aliuliza, bila kupandisha sauti ili asimwamshe mtoto, "mimi nitazikwa wapi?"

Nilimtazama Selpha, Selpha akatazama sakafu. Mtu ana maneno mengi ya Kiswahili mpaka yatakapohitajika. Nilichukua sahani nikaenda kuziosha.